Buni Kwenye Njia ya Ng'ombe

Kila Jumapili alasiri, mama mmoja wa Moyale anayeishi ghorofa ya chini hukaanga buni. Harufu hupanda ngazi polepole: samli iliyoshika moto, ganda linaloanza kuungua, halafu ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi kabla hujaonja chochote. Wapangaji wengine hufunga madirisha. Mimi hufungua mlango nikasimama pale na soksi miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku moja nilishuka nikamuuliza anakiitaje anachokaanga. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la maji.

"Buna," akasema. "Kwani nyinyi mwaitaje?"

Nikamwambia kwamba kwetu Mto Tana nilikua nikiisikia kwa majina mawili ndani ya nyumba moja, na mengine mawili nikayaokota Garsen kwa siku moja. Akacheka, akanijazia kijiko. Nilipanda ngazi nikitafuna, na tangu siku hiyo sijatulia.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Chuoni wenzangu walinichoka kwa sababu hiyo. Mhadhiri akisema jambo, mimi mkono juu, nani kasema, kajuaje. Basi nikafanya nilichofunzwa kufanya: nikaenda kutafuta neno lilikotoka. Kiswahili huita buni punje za kahawa, na mti wake mbuni. Waorma husema buna, sawa na Waborana, na Waamhara nao husema karibu vivyo hivyo. Wasomali wamelikata mkia, kwao ni bun tu. Waarabu husema bunn na kuikalia ile sauti ya mwisho kama mtu asiyetaka kuondoka kitini. Wapo wanaosema ni neno la Kiarabu lililokuja pwani kwetu pamoja na wafanyabiashara. Wapo wanaosema lilizaliwa milimani Uhabeshi, huko mti wenyewe ulikozaliwa, likapitia Uarabuni na kubadilisha nguo tu. Wengine wanalifunga kwenye jina la mahali fulani huko huko milimani. Hata kahawa, neno tunalodhani tunalijua, kuna wanaolirudisha kwenye jina la kale la mvinyo na wanaolirudisha kwenye jina la nchi. Kila mmoja ana hakika. Nimesoma yote na swali langu limebaki pale pale: nani alikuwepo? Nani alimsikia mtu wa kwanza akilitamka?

Mimi sikuwepo. Najua tu mahali nilipolisikia mimi mara ya kwanza, na hapo ndipo ninapotaka kurudi. Nauli ya basi la Garsen ninayo. Lakini basi halifiki huko.

*

Nyanya yangu alikuwa mkulima, kama Wapokomo wengi wa kando ya mto, katika kijiji kisicho mbali na Kulesa. Nilikaa naye kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi Mombasa. Mto ukijaa, maji yalipanda mashambani. Yakirudi, yaliacha udongo mweusi wenye harufu ya samaki, na nyanya alishuka na jembe kupanda mahindi na mboga kabla udongo haujakauka. Pembeni ya shamba letu ilipita njia ya ng'ombe. Waorma, ambao ni wafugaji, waliitumia kuteremsha mifugo yao hadi majini wakati wa kiangazi. Ilikuwa njia pana, imekanyagwa mpaka ikawa kama kitanda cha mto mwingine, mto wa vumbi.

Kwenye njia hiyo ndiko alikotokea Mama Wario. Alikuwa Muorma, mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiyeamini kwamba kuna haja ya haraka. Alibeba maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, akawa anabadilishana na nyanya: maziwa kwa mahindi, maziwa kwa ndizi. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara, na ilikwisha upesi. Kilichofuata ndicho kilichochukua alasiri nzima.

Mama Wario alitoa buni kwenye pindo la nguo yake na kuzitia katika kopo la bati ambalo nyanya alilitunza juu ya kabati. Kisha alichukua za siku ile, akaziosha, akaketi mkekani na kuanza kuziuma moja moja. Aliuma ncha tu, tap, akaitema, akaiweka buni kwenye bakuli. Nyanya alimsaidia upande wa pili. Wanawake wawili wazima wameketi wanatema vipande vya maganda kama kuku wanaochambua nafaka. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka nikaumwa na tumbo.

"Wewe intala nacheka nini?" Mama Wario aliniuliza. Intala kwao ni binti. "Hii tunachinja. Kama mbuzi. Kama hakuna kuchinja, yeye napasuka kwa moto, nakurukia macho."

"Mbuzi gani huyo hana damu?" nyanya akasema.

"Damu yake ni samli. Leta samli, Mama Dulu, wacha maneno."

"Samli yenyewe ni yako, na kunituma unanituma."

"Basi mimi nimeleta, wewe nabeba. Hiyo ni haki."

Samli ikichemka, buni zikatiwa. Zililia kwenye chungu, kwanza kwa sauti nyembamba, halafu nzito, na nyumba ikajaa ile harufu. Mama Wario alisema maneno ya baraka kwa Kiorma, na katika kila maneno matano nilisikia nagaa, nagaa, yaani amani. Nyanya, aliyekuwa mwimbaji wa kanisani, aliinamisha kichwa na mwisho akasema "Amina" kwa sauti ya kwaya. Wakala. Walizitafuna taratibu, na samli iliyobaki vidoleni walijipaka mikononi mpaka viwiko vikang'aa.

"Mtu amekula buna ya wewe," Mama Wario alisema, "leo hawezi kutukana wewe. Mpaka kesho."

"Basi kula nyingi," nyanya akamjibu. "Nakujua mdomo wako."

Nyanya aliziita buni; Mama Wario aliziita buna. Sikuwahi kumsikia mmoja akimsahihisha mwenzake. Kila mmoja alitupa neno lake na mwenzake akalipokea kwa lake, na chungu kilikuwa kimoja. Shuleni mwalimu alipotuonyesha picha ya ndege mkubwa mwenye shingo ndefu na kutuambia huyu ni mbuni, niliamini kabisa kwamba ndiye anayetaga zile buni, na kwamba watu wa Mama Wario wanamfuga mahali ambapo hawataki tupaone. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu umri ule. Nimeyapoteza kadiri nilivyosoma.

Maelezo niliyoyaamini kuliko yote yalikuwa haya: ni buni zinazomleta Mama Wario. Maziwa angeweza kuyapeleka nyumba yoyote. Na yeye mwenyewe aliyathibitisha. Siku moja alilitikisa kopo, likanyamaza.

"Imekwisha," akasema. "Sasa bila buna mimi nakuja hapa kufanya nini? Kuangalia sura ya Mama Dulu?"

Wote wawili walicheka mpaka nyanya akajifuta macho kwa leso. Mimi sikucheka. Mama Wario akachukua ndizi zake akaondoka kwenye vumbi la alasiri, na hakurudi.

*

Sababu ya kutorudi kwake ilijulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Wiki hiyo hiyo ng'ombe waliacha njia wakaingia mashambani, na shamba lililoumia zaidi ni la Mjomba Dulu, mtoto wa kwanza wa nyanya. Nililiona: mahindi yaliyofika kifuani mwangu yamelala chini, yamechanganyika na kinyesi. Mjomba alisimama katikati ya shamba na mikono kichwani. Wachungaji wakasema njia imelimwa, ng'ombe wapite wapi. Wakulima wakasema njia ni ile ile, ng'ombe ndio hawachungwi. Sijui nani alikuwa mkweli. Nimewauliza watu wa pande zote nikiwa mtu mzima, na kila upande una hakika kama wale wanaobishania neno. Mjomba na vijana wenzake wakakata miiba wakaiziba njia. Upande wa pili nao, wazee wao wakakataza mtu yeyote kuvuka kuja kwetu. Watu wakaanza kusema "wale." Wale wamefanya, wale watafanya. Nyanya naye akaacha kutaja jina la Mama Wario. Alasiri alitandika mkeka palepale, akaketi na kazi yoyote mikononi, na uso wake ukaelekea njiani.

Mimi nililiona kopo tupu juu ya kabati, nikaona kila mtu anahangaika na miiba huku dawa ikiwa rahisi namna hii.

Kwa hiyo mjomba alipokuwa anapeleka maembe Garsen kwa baiskeli, nilimlilia mpaka akanipandisha juu ya gunia. Tulipanga maembe karibu na yanaposimama mabasi ya Lamu na Malindi. Mjomba akaenda kutengeneza breki, akaniambia nikae na mama jirani anayeuza korosho, nisitoke. Nilipakata maembe mawili kwenye sketi nikatoka.

Duka la kwanza kijana aliyekuwa kaunta alinipa pakiti ya kahawa ya unga. Nikamwambia sitaki ya kunywa, nataka ya kuuma. Akawaita wenzake. "Cheki huyu msupa! Anataka kahawa ya kutafuna kama muguka!" Wakacheka. Nikaenda zangu.

Duka la pili lilikuwa la mzee wa Kipini, mwenye kofia na miwani iliyofungwa uzi. Nikamwambia nataka buna. Akainua kidole.

"Bunn," akasema. "Sema vyema, mwanangu. Bunn. Hilo ni neno la Kiarabu, hao wengine wameazima tu."

"Unazo?"

"Sina. Lakini neno ni letu."

Nyuma ya duka lake palikuwa na mama wa Kisomali ameketi chini ya turubai, akiuza ubani, hina na vitu vidogo vidogo vya mafungu. Alikuwa amesikia yote. "Usimsikilize mzee," akaniambia. "Ana neno, hana mzigo. Ni bun. Bun ni ya Wasomali. Tunapika kwa mafuta ya simsim. Nani amekufundisha wewe, mtoto wa Kipokomo?"

"Mama Wario. Yeye anasema buna."

"Ah, Waorma. Wametuiga sisi." Akafunua kifuko. Zilikuwemo, kavu, kahawia, na maganda yake. Nilimpa maembe yote mawili. Alilinusa moja, akachota buni kwa mikono miwili akanifungia kwenye kipande cha gazeti. "Mwambie Mama Wario," akasema, "Msomali amesema salamu, na neno arudishe."

Nilirudi mbio. Mjomba alikuwa bado kwa fundi. Njia nzima ya kurudi nyumbani gazeti lilikuwa tumboni ndani ya nguo, na mgongo wa mjomba mbele yangu unapanda na kushuka na baiskeli. Sikumwambia neno. Hata mimi nilijua kwamba yeye ndiye wa miiba.

*

Kesho yake nyanya aliposhuka shambani nilitandika mkeka. Niliuma buni chache. Nyingine meno yangu yaliteleza, nyingine nilichoka nikaziacha na vichwa vyao. Samli haikuwepo, nikamimina mafuta ya kupikia. Nikapuliza moto mpaka macho yakajaa moshi. Zilipoanza kulia nilifurahi, halafu zile zisizochinjwa zikaanza kupasuka, moja ikaruka ikanichoma shavu, nikarudi nyuma na kijiko mkononi. Moshi mweusi. Harufu ikatoka mlangoni ikateremka shambani.

Sikuwahi kumwona nyanya akikimbia kabla ya siku ile, wala baadaye. Alikuja na tope magotini na jembe bado mkononi, anaita tangu mbali, "Mama Wario! Umepita wapi? Mama Wario!" Akaingia na ule uso wake wa alasiri za Mama Wario, uso ambao sikujua kwamba ulikuwa umepotea mpaka nilipouona tena. Akatazama mkeka. Akatazama nyuma ya mlango. Kisha akaniona mimi.

Jinsi uso ule ulivyoondoka, ningependa kusahau.

Akaketi. "Nani kakuambia ufanye hivi?"

"Yeye mwenyewe alisema. Bila buni haji. Nimezileta sasa aje."

Nyanya alifungua mdomo, nafikiri anieleze habari ya mahindi na ng'ombe na wazee. Badala yake aliokota buni moja iliyoungua akaitafuna. Akakunja uso.

"Umeua," akasema. "Hujachinja, umeua." Akacheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa leso. Alipoufunua aliuliza, "Zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki nusu ya gazeti.

Kesho yake alasiri tulibeba mafiga, chungu, kuni na samli aliyoiomba kwa jirani, tukaenda mpaka kwenye miiba. Nyanya alipanga mafiga katikati ya njia ya ng'ombe. Tukaketi vumbini tukachinja buni zote, bila kuacha hata moja, kisha akawasha moto. Vijana walikuja kwanza, kisha mjomba mwenyewe.

"Mama, unafanya nini hapa? Watu wanatazama."

"Napika."

"Kuna jiko nyumbani. Mama, unaniaibisha. Mahindi yangu uliyaona."

"Niliyaona, na nikayalilia. Sasa sogea, mwanangu, unanizibia upepo."

Mjomba hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikavimba kichwa kwa kuelewa. Upepo wa alasiri ulikuwa ukitoka mtoni kuelekea kwa kina Mama Wario. Mjomba alisimama kidogo, akawatazama wenzake, akasogea hatua mbili pembeni. Buni zikaanza kulia kwenye samli. Moshi ulipita juu ya miiba kama kitu chenye ruhusa.

Tulikaa. Nyanya aliepua chungu na hakula. Vijana wakachoka wakaenda. Kivuli cha miiba kilikuwa kimeanza kutufikia miguuni nilipomwona, mbali, akija kwa mwendo wake ule ule, peke yake, na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Hakuwa na kibuyu. Alifika upande wa pili, akaketi chini. Kati yao palikuwa na miiba mirefu kuliko mimi.

"Nagaa?" akasema.

"Nagaa," nyanya akajibu.

"Nani napika? Hii jana ilikuwa imeungua. Mimi nasikia mpaka nyumbani, nasema, Mama Dulu amekuwa mzee, hajui tena."

"Jana alipika mjukuu wako."

"Ee, intala! Wewe nataka kuua sisi?"

Nilipitisha bakuli chini ya matawi, mahali panapopita mbuzi mdogo. Mkono wake ulilipokea. Alisema baraka zake na nyanya akasema Amina yake, wakala, mmoja huku, mmoja kule, wakazungumza habari za miguu inayouma, za mbuzi aliyezaa mapacha, za mwanamke fulani aliyeolewa tena. Hawakugusa habari ya mahindi. Mjomba alikuwa amesimama pale pembeni muda wote. Nyanya alimpelekea buni kiganjani bila kumtazama, na yeye, baada ya muda mrefu, akaitia mdomoni.

Mwisho Mama Wario alisema wanahama. Wenye ng'ombe wameamua kuelekea bara, malisho yamekwisha na njia ya maji imezibwa. Wanaondoka alfajiri.

"Mvua ikinyesha mimi nakuja," akasema.

"Njoo," nyanya akasema.

Miiba haikukaa sana. Mvua ilinyesha, mto ukapanda ukaichukua, na hakuna aliyeirudisha, hata mjomba. Kiangazi kilichofuata ng'ombe walipita, na wanawake wenye maziwa wakapita, na nyanya aliwauliza wote. Mmoja alisema yuko bara, mwingine alisema hamjui. Kwa wiki nzima nilimsumbua nyanya. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, tulipika, akaja. Nilidhani watu wazima ni wavivu wa kuamini.

"Nyanya, kwa nini hatupiki tena pale njiani? Tupike tu, atasikia."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Napika," akasema. "Napika ukiwa shuleni."